Vidole Viwili vya Mzee Pruitt

Chuo cha Ashmead, Ohio
Jumatatu, 21 Septemba 1953

Mdogo wangu Tekla,

Nakusalimu wewe, na kupitia kwako nawasalimu wote mliopo mezani, maana najua unaisoma barua hii kwa sauti huku Mama akijifanya anakoroga supu. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, lakini goti halina akili, acha lilalamike. Kikohozi cha Baba kikoje? Na Bibi, ameshamaliza kumkosoa padre mpya?

Jumamosi tumeshinda mchezo wa kwanza wa mpira wetu wa Kimarekani, ishirini kwa sita. Mwaka huu wametubadilishia sheria. Zamani timu ilikuwa na kikosi cha kushambulia na kikosi cha kuzuia, mnapokezana, mnapumzika. Sasa ni watu kumi na mmoja wale wale kwa kazi zote, na ukitolewa nje huruhusiwi kurudi mpaka robo hiyo ya mchezo iishe. Kocha Lundgren ametutangazia: "Mtu akitoka kwangu, awe amevunjika mfupa ninaouona kwa macho." Mimi ndiye mbeba mpira. Ollie Brandt, yule niliyekwambia analala kitanda cha juu yangu na kukoroma kama treni ya makaa, anafungua njia kwa mabega yake. Mimi nainamisha kichwa na kupita.

Lazima nikuchekeshe kuhusu Mzee Pruitt, yule anayetufunga bandeji. Mkono wake wa kulia umebaki na vidole viwili tu, vingine vililiwa na msumeno wa mbao zamani. Mchezaji akigongwa kichwa, Mzee humnusisha kichupa cha amonia kwa mkono wa kushoto, kisha humwinulia ule wa kulia: "Vingapi hivi, kijana?" Vingapi vingine, Tekla? Hata kipofu angefaulu mtihani huo.

Wachezaji wapya wanafundishwa siku ya kwanza: Mzee akikuuliza lolote, jibu viwili. Jana jikoni Ollie aliulizwa anataka soseji ngapi, akajibu "viwili" kabla hajafikiri. Alikuwa anataka tano.

Kaka yako,
Cyril


Harrow Run, Pennsylvania
Jumapili, 27 Septemba 1953

Kaka Cyril,

Shikamoo. Hapa sote wazima kwa kiasi chetu. Baba bado anakohoa asubuhi, kisha anakaa barazani mpaka pumzi imrudie. Mama anasema umesahau fulana zako mbili za sufu na huko Ohio kuna upepo. Mimi niko sawa. Mwalimu alitaka niisome insha yangu mbele ya darasa, nikamwambia koo linaniuma, akaisoma Dorothy Kemp, akakosea maneno manne, na kila kosa lilinichoma kama ni mimi niliyekosea.

Barua yako niliisoma mezani. Bibi alicheka vidole vya Mzee Pruitt mpaka akavua miwani. Kisha akauliza lile swali lake: "Lakini huo mpira wenyewe, kwa nini umechongoka? Nani aliukalia?" Baba akamjibu umechongoka kwa makusudi. Bibi akasema, "Hakuna mtu mwenye akili anayetengeneza mpira vibaya kwa makusudi." Alikumbusha kwamba wa kwako wa utotoni aliushona yeye kwa uzi mweusi wa viatu, na hata yeye alishindwa kuunyoosha.

Baba hakucheka sana. Aliniambia nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Mpira utakufikisha mlangoni. Vitabu ndivyo vitakavyokuingiza. Mtu wa pili wa nyumba hii hashuki mgodini." Nimeandika kama alivyosema.

Nami nina swali langu. Sheria hiyo mpya, mtu akiumia kidogo tu, atafanyaje? Atoke na kuikosesha timu robo nzima, au abaki? Nimeisoma gazetini maktabani na sijaona waliposema.

Mdogo wako,
Tekla


Harrow Run
Jumapili, 11 Oktoba 1953

Kaka Cyril,

Shikamoo, na pole tena, ingawa tulipeana pole ana kwa ana. Tangu upande basi Ijumaa nyumba imekuwa kubwa mno. Mama amefunika kioo. Kiti cha Bibi hakuna anayekikalia, hata paka.

Watu wote wanasema ulimbeba vizuri. Mzee Hudak wa kanisani alisema, "Yule kijana alishika jeneza mbele kana kwamba amebeba bakuli la maziwa." Nilifurahi, kisha nikaona aibu kufurahi siku kama ile.

Arobaini ya Bibi itakuwa Jumamosi tarehe 14 Novemba. Najua ni siku ya mchezo. Mama amesema nikuambie tu tarehe, nisikuombe.

Tekla


Chuo cha Ashmead
Jumatatu, 12 Oktoba 1953

Mdogo wangu Tekla,

Salamu kwa wote. Hapa baridi imeanza na majani yameanguka uwanjani, tunayapiga mateke kuliko mpira. Tumeshinda tena, ya nne mfululizo. Watu wa mjini wameanza kututolea kofia barabarani.

Jumamosi lilitokea jambo la kuchekesha. Robo ya pili niligongana na jitu lao moja kubwa, kofia kwa kofia, nikaona nyota saa nane mchana. Nilipoinuka, mchezo ukiwa umesimamishwa kidogo, nikaenda kupumzika kwenye benchi, nikapewa maji, nikanywa, nikasema ahsante. Nikageuka kumwona aliyenipa. Simjui! Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la wapinzani. Mmoja wao akaniambia, "Karibu, Mrusi, leo umeamua kutusaidia?" Nikamwambia mimi si Mrusi, mimi ni Mrusini, kabila jingine kabisa. Akasema, "Basi Mrusini, nyumbani kwako ni kule." Uwanja mzima ulicheka. Ollie alikuja kunichukua kwa mkono kama bibi harusi.

Mzee Pruitt akaniinulia vidole. Nikasema viwili. Nikarudi ndani sekunde ile ile, na robo ya tatu nikafunga.

Kaka yako,
Cyril


Harrow Run
Jumapili, 18 Oktoba 1953

Kaka Cyril,

Shikamoo. Baba ameshinda wiki nzima bila kuamka usiku kukohoa, tunamshukuru Mungu. Mama ameanza kugawa nguo za Bibi. Mimi nimepewa miwani yake, ingawa hainifai. Nikiivaa naona kila kitu kimejaa maji.

Barua zetu zilipishana njiani. Yako haikumtaja Bibi hata mara moja. Nimekuelewa. Kuna watu wakiumia hulia, na kuna watu wakiumia husimulia vichekesho, na wewe daima umekuwa wa aina ya pili.

Kichekesho chenyewe niliwasomea, na Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mimi nilicheka pia. Usiku nikakiwaza tena na sikucheka. Rangi za jezi zao si nyekundu, na zenu bluu? Kaka, uliketi katikati ya watu kumi waliovaa nyekundu na hukuona tofauti?

Tekla


Chuo cha Ashmead
Jumatatu, 26 Oktoba 1953

Mdogo wangu Tekla,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi mzima, ila kichwa kinagonga kidogo asubuhi kama mtu aliyesahau ufunguo. Kikipigwa na jua ni zaidi, kwa hiyo nasomea chini ya ngazi ambako hakuna dirisha. Ollie ananiita popo.

Tumeshinda sita kati ya sita! Hakuna timu ya Ashmead iliyowahi kufanya hivyo. Zimebaki nne, na ya mwisho ni tarehe 21 Novemba, dhidi ya timu ya Kirby, hapa kwetu. Kocha Lundgren amesema mkataba wa ufadhili wangu wa masomo wa mwaka ujao uko mezani kwake, anasubiri tu msimu uishe aweke sahihi. Mwambie Baba.

Na msalimie Bibi. Mwambie Krismasi aniwekee kipande cha mwisho cha ule mkate wake wa mbegu za mpopi, kile cha pembeni kilichoungua, asimpe padre. Mwambie bado sijamjua mtu aliyeukalia mpira, lakini namtafuta.

Kaka yako,
Cyril


Harrow Run
Alhamisi, 29 Oktoba 1953

Kaka Cyril,

Sijui nianze na salamu gani. Uliwahi kunifundisha kwamba barua inaanza na salamu hata kama nyumba inaungua. Shikamoo, basi.

Kaka, Bibi amekufa.

Alikufa tarehe 5. Tulikutumia simu ya maandishi. Ulifika Jumatano kwa basi la saa kumi, ukiwa na koti la Ollie kwa sababu lako halikuwa jeusi. Ulibeba jeneza. Siku tatu ulikuwa hapa, ukalala kitandani kwako.

Barua yako ilifika wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa naisoma kwa sauti, kwa haraka, kwa furaha, sita kati ya sita, Baba amepiga meza kwa kiganja, na macho yangu yakautangulia mdomo yakaona "msalimie Bibi". Nilisimama pale. Mama akaniuliza, "Mbona umenyamaza, kalamu imemwishia?" Nikasema, "Anasema anatupenda wote." Ni mara ya kwanza nimetunga maneno na kuyaweka kinywani mwako. Kisha nikaenda penye shimo la makaa nyuma ya nyumba nikaisoma tena peke yangu.

Kama ni mzaha, niambie ni mzaha. Nitakasirika mwaka mzima, na nitashukuru.

Tekla


Chuo cha Ashmead
Jumanne, 3 Novemba 1953

Tekla,

Ilikuwa uchovu. Mtu anaandika saa tano usiku baada ya mazoezi na mkono unakwenda wenyewe, unaandika salamu za miaka yote. Wewe hujawahi kumwita mwalimu "Mama" kwa bahati mbaya? Basi ni hivyo. Usiikuze.

Sawa. Nimekaa nikatazama mistari hiyo kwa saa nzima na siwezi kukudanganya, wewe utanisoma tu. Kuna vitu vinadondoka. Si vyote. Ollie anajua. Tukijipanga uwanjani ananigusa bega la upande ninaopaswa kukimbilia, kulia au kushoto, na nikifika njiani miguu inakumbuka yenyewe. Majina ya walimu nimeyaandika kwa wino kwenye kiganja. Nikitoka jasho yanafutika, lakini darasani sitoki jasho.

Msimu ukiisha nitapumzika na yatarudi yote. Zimebaki wiki tatu tu. Kocha akijua leo, ananiweka benchi, na mkataba ule unabaki bila sahihi, na Januari mimi niko kwenye lifti ya mgodi nimeshika taa ya Baba. Unataka hivyo? Unataka mimi nikae barazani nisubiri pumzi?

Niapie kwa kaburi la Bibi kwamba hutamwambia Mama, wala Baba, wala Kocha.

Cyril


Harrow Run
Jumapili, 8 Novemba 1953

Kaka Cyril,

Shikamoo. Mama amekufumia soksi, ziko kwenye kifurushi hiki. Baba anaendelea kuwaambia watu wa dukani "sita kati ya sita", na leo asubuhi nimemsahihisha kuwa ni nane sasa, akanikumbatia, yeye ambaye hakumbatii watu.

Naapa. Sitamwambia Mama, wala Baba, wala Kocha. Hao watatu.

Jumanne baada ya shule niliomba maktaba kitabu kikubwa cha udaktari. Bi Alden wa maktaba aliuliza cha nini, nikaona haya, nikasema ni cha insha. Nilisoma nimesimama. Kuna ukurasa, Kaka, unaokueleza wewe. Umeandikwa kabla hatujazaliwa na unakueleza wewe: maumivu ya asubuhi, mwanga, majina. Mwishoni pameandikwa kinachoweza kumpata mtu kama huyo akigongwa tena kabla hajapona. Sitaandika hapa. Nilikirudisha kitabu rafuni kwa kukigeuza, mgongo ndani, kama vile kingeweza kunifuata.

Nakuuliza jambo moja, na usimuulize mtu. Asubuhi ya mazishi, kabla hawajafunga jeneza, ulimwekea Bibi kitu mkononi. Tulikuwepo wawili tu, wewe na mimi. Kilikuwa nini?

Ukinijibu, nitaamini ni uchovu, na sitasema neno tena mpaka Krismasi.

Tekla


Chuo cha Ashmead
Jumatano, 11 Novemba 1953

Mdogo wangu Tekla,

Nakusalimu wewe, na kupitia kwako nawasalimu wote mliopo mezani, maana najua unaisoma barua hii kwa sauti huku Mama akijifanya anakoroga supu. Mimi mzima. Ahsanteni kwa soksi, zinanifaa sana.

Sasa nimepata mtu wa kukuchekesha, sijui kwa nini sikuwahi kukuandikia habari zake. Lazima nikuchekeshe kuhusu Mzee Pruitt, yule anayetufunga bandeji. Mkono wake wa kulia umebaki na vidole viwili tu, vingine vililiwa na msumeno wa mbao zamani. Mchezaji akigongwa kichwa, Mzee humnusisha kichupa cha amonia kwa mkono wa kushoto, kisha humwinulia ule wa kulia: "Vingapi hivi, kijana?" Vingapi vingine, Tekla? Hata kipofu angefaulu mtihani huo.

Jumamosi ijayo tuko ugenini, kisha Kirby. Nane kati ya nane! Swali lako nitalijibu nikipata nafasi.

Kaka yako,
Cyril


Harrow Run
Jumapili, 15 Novemba 1953

Kaka Cyril,

Shikamoo. Jana ilikuwa arobaini. Padre mpya aliimba vizuri kuliko tulivyotarajia, na Mama alisema Bibi angemkosoa hata hivyo. Kulikuwa na ngano iliyopikwa na asali. Nilikula sehemu yako.

Barua yako nimeiweka kando ya ile ya Septemba, meza moja, mistari kwa mistari. Nimeyafuata maneno kwa kidole. Hata mkato mmoja haukusogea.

Sitakuuliza lolote tena. Kiapo changu nimekishika kama nilivyokiapa. Leo nimenunua stempu mbili.

Nakupenda. Nakuandikia hivyo kwa sababu kwa mdomo singeweza.

Tekla


Chuo cha Ashmead
Jumatatu, 23 Novemba 1953

Tekla,

Hakuna salamu.

Tulikuwa mbele, kumi na tatu kwa saba, robo ya tatu. Dakika kumi bado, na uwanja umejaa mpaka watu wamekaa juu ya paa la ghala. Nikagongwa. Kawaida tu. Nikainuka, mchezo ukasimamishwa, nikapelekwa pembeni, nikakaa tayari. Mzee Pruitt akaja. Akanitazama muda mrefu. Kocha anapiga kelele, "Haraka, Pruitt! Mtihani wako wa vidole viwili, turudi kazini!"

Mzee akakitia kichupa cha amonia mfukoni. Hajawahi kukitia mfukoni. Akaficha mkono wa kulia mgongoni na kuinua wa kushoto.

"Vingapi hivi, kijana?"

Nikasema viwili.

Akasogeza mkono karibu. "Tazama, Cyril. Tazama, usijibu tu."

Niliutazama, Tekla. Naapa niliutazama. Nikasema viwili.

Ollie ndiye aliyeniambia jana. Vilikuwa vinne.

Kocha akamwambia, "Amechoka tu, mrudishe, akitoka hawezi kuingia tena robo hii!" Mzee akajibu, mbele ya benchi lote, "Basi na asiingie. Ukimrudisha huyu mtoto, nenda kamfunge bandeji mwenyewe, na umwandikie mama yake mwenyewe." Miaka ishirini hajawahi kumwinulia Kocha sauti. Akanivua kofia akaikalia. Akaikalia kweli, matako juu ya kofia yangu, mpaka mchezo ukaisha. Kirby wakafunga mara moja wakapata na pointi ya nyongeza. Kumi na nne kwa kumi na tatu. Tisa tulishinda, na watu watakumbuka hii moja.

Mfukoni mwa koti la Mzee kulikuwa na bahasha. Ncha yake ilionekana alipoketi. Ule mwandiko naufahamu, herufi T inayoegemea kama mlevi. Niliufundisha mimi, jikoni, kwa penseli yangu.

Uliapa kwa kaburi la Bibi. Ulihesabu watu watatu kama mwanasheria ukatafuta wa nne. Unapenda vitabu kwa sababu vitabu havikuulizi umefanya nini. Kocha hanitazami usoni. Nikishuka mgodini, utakuja unisindikize mpaka kwenye lifti?

Usiniandikie.

Cyril


Harrow Run
Jumapili, 29 Novemba 1953

Kaka Cyril,

Shikamoo. Umesema nisiandike. Nisamehe, hili ni jambo la pili ninalokuasi.

Nilimwandikia Mzee Pruitt mistari mitano. Sikumwambia kuhusu Bibi, wala wino wa kiganjani, wala bega la Ollie. Nilimwambia tu: "Wachezaji wako wote wanajua ni viwili. Tafadhali tumia mkono mwingine." Niliiandika na kuituma mimi, nisiyeweza kusoma insha yangu mwenyewe mbele ya Dorothy Kemp.

Ndiyo, nilihesabu kama mwanasheria. Kama ungenitaka niape watu wanne, ningetafuta wa tano.

Baba bado hajui. Anafikiri mmeshindwa kwa sababu ya upepo.

Ukishuka mgodini, nitakusindikiza mpaka kwenye lifti, na nitakuchukia kila asubuhi, na utakuwa hai nikuchukie.

Tekla


Hospitali, Ohio
Jumanne, 5 Januari 1954

Mdogo wangu Tekla,

Nakusalimu. Naandika polepole, mistari michache kwa siku. Hii ni siku ya tatu ya barua hii, kwa hiyo wino ukiona umebadilika usishangae.

Mama ameshakueleza alichokiona alipokuja. Mimi nakueleza ninachokijua. Siku mbili baada ya barua yako ya mwisho nilianguka bafuni. Ollie alinibeba mgongoni ngazi tatu, na hakukoroma usiku ule, anasema, kwa sababu hakulala. Walikuta damu imeganda chini ya fuvu, ya zamani na ya juzi, safu juu ya safu. Walitoboa tundu. Daktari ni mtu wa maneno machache. Nilimuuliza, kama ningecheza ile robo iliyobaki? Akasema, "Tusingekuwa tunazungumza." Kisha akaendelea kuandika kwenye karatasi yake kama mtu aliyeulizwa saa.

Nililala nikitazama dari mpaka giza likaingia. Nilitaka kukukasirikia tena, kwa mazoea, nikakuta hasira haipo mahali nilipoiacha.

Ufadhili utakwisha Juni. Kocha alikuja mara moja, akaleta machungwa, akasimama mlangoni. Mzee Pruitt huja kila Jumapili. Ameniomba nikitoka nimsaidie kuandika karatasi za wachezaji, maana wino na vidole viwili havipatani, na anasema pengine chuo kitaniacha nimalize masomo kwa kazi hiyo. Pengine. Baba ameniandikia kwa mkono wake mwenyewe, neno moja tu, "Pumzika", na nimelilalia chini ya mto.

Keshokutwa ni Krismasi yetu ya kalenda ya zamani, na hapa wamekwisha kuitupa miti yao nje.

Sasa swali lako la Novemba. Nililiona tena kwenye barua zako. Nesi alinisomea zote tangu mwanzo, na mbili zikamliza. Nimelifikiria kila siku. Nimejaribu kukisia: rozari? maua? Nikaona nakisia kama nilivyokuwa nasema viwili.

Tekla, sijui. Sikumbuki. Sikumbuki basi, wala koti la Ollie, wala jeneza. Nimemzika Bibi na sikuwepo.

Niandikie. Usinifichie kitu. Nilisimama upande gani?

Kaka yako,
Cyril


Harrow Run
Jumapili, 10 Januari 1954

Kaka Cyril,

Shikamoo. Sote wazima. Mkate wa mpopi aliupika Mama mwaka huu, ukapasuka katikati, na kipande cha pembeni kilichoungua nimekifunga kwenye karatasi, kiko humu.

Ulisimama mbele, upande wa kulia. Mvua ilikuwa inanyesha kidogo, ya kulowesha nywele tu. Koti la Ollie lilikuwa refu, ulikunja mikono mara mbili, na Mama akairudisha chini kwa sababu alisema unaonekana kama mwosha vyombo.

Asubuhi, kabla hawajafunga, uliniambia nisimame mlangoni nitazame kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Ukatoa mfukoni kipande cha uzi mweusi wa viatu. Ulikuwa umeukata kwenye ule mpira wako wa utotoni, ulioko kule darini. Ukauzungusha kwenye kidole chake, kile alichokuwa akivalia kikofia cha kushonea. Nikakuuliza wa nini. Ukasema, "Huko aendako atakuta kazi ya kunyoosha." Kisha ukainama ukamnong'oneza, lakini si kwa sauti ndogo, wewe hujui kunong'ona: "Bibi, nimeuliza. Umechongoka kwa makusudi."

Nikacheka. Kwa sauti, Kaka, kando ya jeneza. Mama aliingia wakati ule ule, akanifinya mkono juu ya kiwiko, na wewe ukautazama msalaba kama malaika ili nilaumiwe peke yangu.

Alama ya kucha zake ilikaa siku mbili. Hiyo ni mbili ya kweli. Niliihesabu.

Mdogo wako,
Tekla